Mama Mkwe, Sukari na Seli Zenye Pupa

Kipaza, kinyozi wetu asiyejua kunong'ona, alitua asubuhi kwenye benchi letu la kahawa na simu mkononi, kidole bado kina povu la kunyolea.

"Jamani! Wanasayansi wanasema seli za saratani ni walafi! Zinabugia sukari kama zimealikwa harusini! Na zinazozichochea ni protini!"

"Protini si maharage?" akauliza Misumari, fundi viatu. "Basi mimi nilishakufa tangu shule ya bweni."

Tukacheka. Dada Darubini, anayefanya kazi maabara ya hospitali, akapuliza kahawa yake.

"Si protini za sahani hizo. Seli inazitengeneza yenyewe, ndio vibarua wake. Wapo mabawabu wanaoifungulia sukari mlango, wapo mafundi wanaoamua ichomwe vipi. Kwenye saratani mabawabu wamezidi na mafundi wamevuruga mitambo. Sukari inaingia nyingi, inachomwa nusunusu, mabaki yanajengea seli nyingine."

"Kula kwa pupa na kuzaana tu!" Kipaza akadakia. "Namjua shemeji yangu mmoja wa hivyo hivyo!"

Misumari akapiga paja. "Mimi niliwahi kabla ya hao wanasayansi! Tangu mama mkwe apasuliwe titi kwa saratani, nimepiga marufuku sukari nyumbani. Chai kavu, matunda hakuna, wali hakuna. Mwezi wa pili huu. Adui muue kwa njaa!"

"Apewe shahada huyu!" Kipaza akapaza.

Darubini hakucheka. Akaweka kikombe chini. "Anaendeleaje?"

"Hajambo. Kapungua kidogo."

"Kidogo kiasi gani, kaka?"

"Mke wangu kalipunguza gauni lake... mara mbili."

Darubini akamsogelea.

"Na dawa anapata?"

"Juzi hospitali walimwahirishia. Walisema uzito umeshuka mno. Nikajua mizani yao mbovu."

"Mizani nzima, kaka. Unayemshindisha njaa ni mama, si saratani. Mwili usipopewa chakula unajitafuna wenyewe, unatengeneza sukari humohumo, na zile seli zinaendelea kuchota. Mpeleke leo kwa daktari wake na mtu wa lishe. Wao ndio wapange ale nini, si wewe na nyundo yako."

Misumari aliinama, akawa anakwangua gundi iliyokaukia kuchani.

"Nilipoposa," akasema taratibu, "ukoo mzima ulisema fundi viatu hana mbele wala nyuma. Yeye peke yake ndiye aliyesimama na mimi. Nilitaka nimwokoe."

Misumari akapiga simu nyumbani, kidole chenye gundi kikabonyeza spika.

"Mama, shikamoo. Nisamehe. Nimekukosea sana. Kula chochote kilichopo humo ndani, nakuja tuende hospitali."

"Marahaba, baba. Umeiacha ile sheria yako?"

"Nimeiacha, mama. Mbona hukuniambia kuwa unaumia?"

"Ningekuambiaje, mwanangu? Ulikuwa unanitazama kwa huruma, mimi nikaona aibu kukuvunja moyo. Usilie. Jirani amekuwa akinipenyezea uji dirishani kila ukitoka. Bila yeye, ningeshaanza kutafuna viatu vya wateja wako!"

Benchi likaangua kicheko, Kipaza akajimwagia kahawa. Misumari alicheka na kufuta machozi kwa mkono uleule, kisha akakimbilia nyumbani bila hata kufunga kibanda.