Kijapani Kinachoanzia Ukurasa wa 91

3 Juni, Jumanne. Butembo.
Mnunuzi wa kakao anakuja kutoka Japani! Madame Hayashi. Jumamosi hii, kwenye depo ya ushirika wetu, Beni. Rais wetu, mama Débora, ametangaza: atakayeongea na mgeni kwa lugha yake ndiye tutakayemtuma Japani kupeleka sampuli. Mathe akanitazama akitabasamu. Mathe! Katekista anayesinzia katikati ya somo lake mwenyewe. Nikasimama, nikasema Kijapani nakijua kidogo. Sijui neno hata moja. Mais bado nina siku nne. Magunia yetu sita yamo katika depo ile, na mke wangu Emérence amesema nisithubutu kuyaharibia soko.

4 Juni, Jumatano.
Nimepata kitabu! Kwa mama Jokébed, muuza karanga. Kijapani kimeelezwa kwa Kifaransa. Ila kurasa tisini za mwanzo amekwisha kuzichana kufungia karanga. Kinaanzia ukurasa wa 91: Kama. Kama hivi, kama vile, na kama ya majuto, ya mambo ambayo hayakutokea na hayatatokea tena. Salamu hakuna. Asante hakuna. Nimelalamika. Amejibu: “Ile ilishaenda na karanga, papa Lusenge. Uliza batu benye balikula.”

5 Juni, Alhamisi.
Mkakati: nunua karanga, kusanya kurasa. Pakiti thelathini na moja! Nimezila zote, kutupa chakula ni dhambi. Nimepata zoezi lisilo na majibu na nusu ya picha ya baiskeli. Nyingine zote ni kitabu cha jiografia. Tumbo limekaza kama ngoma. Na Mathe alikuwa pale pale, akila pakiti yake moja kwa raha. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Eti ina picha nzuri. Emérence amesema akisikia neno karanga tena, anarudi kwao Kipese.

6 Juni, Ijumaa.
Donc, nimekariri nilichonacho. Ame ga futtara, basu wa kimasen. Mvua ikinyesha, basi haliji. Nimelirudia mpaka mbuzi wa jirani akahama uzio.

7 Juni, Jumamosi. Beni.
Aibu! Madame Hayashi alingojewa saa nne, akafika saa nane. Malori yalikwama barabara ya Kasindi. Nikajitokeza na suti. “Karibu” sina. Nikachagua kilicho jirani yake: Motto hayaku kitara, yokatta noni. Yaani, ungekuja mapema, ingekuwa vizuri. Maskini akainama. Akaomba msamaha. Akainama tena, chini zaidi. Mama Débora akaninong'oneza, nimemwambia nini mgeni wa watu mpaka macho yamemjaa machozi? Nikatengeneza kwa ile ya mvua na basi. Akatazama mawingu, kisha akamuuliza dereva, kwa Kifaransa, kama si heri warudi leo leo.

Alikwisha kushika mlango wa gari, Mathe akatoa karatasi yake. Ina mafuta ya karanga mpaka unaona upande wa pili. Ukurasa wa 3! Salamu zote, na picha ya mtu anayekula. Akasoma konnichiwa. Akatafuna mbegu ya kakao, chungu kama dawa ya kinini, akasema oishii, yaani tamu! Madame akacheka, akatafuna yake. Akachukua depo nzima, na magunia yetu sita ndani. Emérence alicheza mbele ya watu. Mathe ndiye anayeenda Japani. Kama ningenunua pakiti moja zaidi! Hilo naweza kulisema kwa Kijapani kwa njia nne.

9 Juni, Jumatatu. Butembo.
Mathe amekuja nyumbani na jogoo. Kwa unyenyekevu wote: “Mwalimu, unifundishe. Miye niko na karatasi moja tu.” Mwalimu! Emérence amempa kiti kizuri, akanivuta jikoni. Ameniambia mavuno yajayo yanategemea mdomo wa huyu mtu, nimfundishe vizuri. Nikasema bila shaka. Wanawake hawaelewi mkakati.

Somo la kwanza: salamu ya kumpa mwenyeji wako ukishuka tu ndege. Shitte itara, konakatta noni. Ningejua, nisingekuja. Ameiandika katika daftari, ameirudia mara kumi akifuata kidole changu, amenishukuru kwa mikono miwili.

Matamshi yake, kusema kweli, yananipita.