Taji la Gerda

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua. Jua limefika kwangu saa tano na kuondoka saa nane, na hata hizo saa tatu limezitumia nyuma ya mawingu. Huu ndio upande wa ziwa tuliorithi sisi. Ng'ambo, kwa binamu yangu Kassian, jua linakaa hadi jioni kama mgeni asiyejua kuaga.

Nimewatazama waendesha baiskeli kwa darubini. Tangu bonde lifungwe kwa magari wanapita makundi kwa makundi, wazee kwa watoto, wamevaa rangi za kasuku. Wote ng'ambo. Wote kwa Kassian! Ana baraza, ana keki ya tufaha, ana mahali pa kuchajia betri za baiskeli za umeme. Mimi nina vyumba sita vya wageni na harufu ya unyevu.

Barua ya Burgi imefika. Binti yangu wa pekee, anafanya kazi hotelini Innsbruck. Anakuja Ijumaa, siku moja kabla ya ng'ombe kushushwa kutoka malisho ya juu, wamevishwa mataji ya maua. Anasema akikuta nyumba ina uhai, atarudi tuiendeshe pamoja. Akikuta imekufa, Jumatatu ijayo adhuhuri anasaini mkataba wa miaka mitano hukohuko mjini. Anasema pia analeta taji la Gerda, ng'ombe wetu. Amelisuka mwenyewe, na ameliwekea utepe wa marehemu mama yake.

Gerda amekufa. Aliteleza mwambani Alhamisi iliyopita.

Marei, mke wangu, alimlea ng'ombe yule kwa chupa, jikoni, kando ya jiko, katika majira yake ya mwisho ya baridi duniani. Burgi hajui. Kijiji hakijui. Anayejua ni mimi na Zita, mchunga ng'ombe wetu, naye yuko juu huko ambako simu haishiki. Ng'ombe mmoja akifia mlimani, kundi zima hushuka bila maua, kengele zimezibwa kwa nyasi kavu. Mwenye mnyama ndiye anayepaswa kutangaza. Nilimwahidi Zita kwamba nitatangaza. Nami nitatangaza, ila si wiki hii. Msiba na wageni havikai meza moja.

Helikopta iliyouchukua mzoga wa Gerda niliwaambia watu ilipeleka chumvi ya mifugo. Kassian akauliza mbona ilipanda mikono mitupu ikashuka na mzigo. Nikamwambia chumvi ilikuwa mbovu, ikarudishwa. Mbea mkubwa yule.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeamka na wazo. Zuri mno! Pale kwenye kanisa dogo njia ya baiskeli inagawanyika. Kibao kinaelekeza ng'ambo. Nimekigeuza. Kazi ya dakika mbili na nyundo.

Saa nne wakaja. Wastaafu kumi na mmoja kutoka Linz. Nilikuwa mlangoni na aproni safi. Sikuwa nimekumbuka kwamba njia ya upande wangu, mita mia tatu kabla ya nyumba, haiwi njia tena, inakuwa mizizi na tope. Wa kwanza akaingia topeni mpaka kwenye ekseli. Wa pili akamwingia wa kwanza. Bibi mmoja mwenye kofia ya manjano akaishia ndani ya majani yanayowasha, na maneno aliyoyatoa sikudhani yanajulikana Linz.

Nikawakaribisha kahawa. Nikawasha mashine ya kahawa pamoja na chaja tatu za betri. Fyuzi ikalipuka. Tukakaa gizani, saa nne na nusu asubuhi.

Kisha nani akatokea na trekta na mablanketi? Kassian! Kwamba amewaona kutoka barazani kwake. Wote kumi na mmoja wakapanda tela. Akaniambia kwa upole, mbele za watu, kwamba upepo wa jana lazima ulikuwa mkali maana umegeuza hadi kibao. Hakukuwa na upepo jana. Anajua. Namchukia zaidi anapokuwa mpole.

Jumatano, 17 Septemba

Nimelala vibaya. Marei nimemwota, amekaa jikoni na chupa ya maziwa. Nimeamka na huzuni, nikaifukuza kwa kupanga.

Jumamosi ng'ombe watashuka kwa njia ya baiskeli. Kila mwendesha baiskeli atalazimika kusimama. Je, wakisimama kwangu? Mahali pa mwisho pa kupumzisha kundi, wanapovishwa mataji kabla ya kuingia kijijini, kila mwaka ni kwenye uwanda wa Kassian. Nimekwenda kwenye kamati ya kijiji na kusema nyasi zangu ni nzuri zaidi. Nikasema pia kwamba Marei angefurahi. Kwa hilo nilijisikia mchafu kidogo.

Kassian akawa wa kwanza kukubali. Alisema ni zamu ya binamu yake Gebhard, mwacheni naye apate. Akina mama wakasema vizuri, wataleta mataji kwangu. Mmoja akauliza kama mwaka huu hakuna aliyekufa juu. Nikatazama dari, nikasema Zita hajaleta habari yoyote. Ni kweli kabisa. Habari alinipa mimi, hakuileta.

Ijumaa, 19 Septemba

Burgi amefika! Kwa baiskeli, katikati ya manyunyu, taji likiwa kwenye sanduku nyuma ya kiti. Amekonda. Ana macho ya mama yake, jambo ambalo kila mara nalisahau na kila mara linanipiga.

Nilikuwa tayari. Baiskeli sita kuukuu kutoka ghalani nimeziegemeza ukutani. Kwenye kila roshani nimeanika soksi na suruali za baiskeli. Nikamwambia wageni wametoka kutembea, nyumba imejaa pomoni. Akashika soksi moja. Akauliza mbona imekauka kama ubao, na mvua hii yote? Nikasema vitambaa vya siku hizi. Akasoma herufi zilizodariziwa kwenye ukingo wa soksi. Ni za babu yangu.

Akacheka! Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Tangu mazishi sijamsikia akicheka nyumbani humu. Akasema, "Baba, wewe huponi." Usiku tulikula maandazi ya mvuke, akazunguka vyumbani na penseli, akipima madirisha. Mtu hapimi madirisha ya nyumba asiyoitaka.

Akauliza Gerda yukoje. Nikasema amenenepa. Akauliza kama jeraha la sikio limepona. Nikasema kabisa. Akanionyesha taji: matawi ya msonobari, maua ya karatasi, kioo kidogo katikati, na utepe wa buluu ambao Marei alifungia nywele siku ya arusi yetu. Nilitamani kumwambia pale pale. Mdomo ulifunguka. Nikamuuliza kama anataka maandazi zaidi.

Kesho taji nitamvika Berta. Ng'ombe wa kijivu wote sura moja.

Jumamosi, 20 Septemba

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Saa tatu uwanda ulikuwa umejaa. Waendesha baiskeli arobaini au zaidi, wamezuiwa, wanatafuta chai. Kwangu! Akina mama wamepanga mataji kwenye meza zangu. Burgi anagawa mkate, ananitazama na kutabasamu. Kwa muda wa nusu saa niliishi maisha niliyoyataka.

Kisha ukungu ukafunguka, na ng'ombe wakatokea bila sauti. Ng'ombe themanini, na huwezi kusikia hata kengele moja. Nyasi zimesokotwa ndani ya kila kengele. Mbele yao Zita, na kitambaa cheusi kichwani.

Baadhi ya waendesha baiskeli wakapiga makofi. Walidhani ndivyo inavyokuwa.

Zita akasimama, akatazama mataji, akauliza nani kafanya haya. Akauliza tena, sauti imepanda: "Nyie mmekuwaje? Mnavisha maua juu ya maiti?" Mama mmoja akasema jamani, hatukuambiwa kitu. Hapo Zita akanigeukia. "Gebhard! Siku tisa nzima! Uliniapia kwa jina la mkeo!" Nikasema nilikuwa karibu kutangaza. Akasema, "Wewe mtu, hata ng'ombe unamnyima msiba wake!"

Kassian akavua kofia. Wengine nao wakavua. Hata wale wa baiskeli, mmoja mmoja, wakavua helmeti zao.

Burgi hakusikia jina la Gerda likitajwa. Hakuhitaji. Alikuwa keshaingia katikati ya kundi na taji mikononi, akimtazama kila ng'ombe usoni, akimpita Berta bila hata kusimama. Alifika kwa ng'ombe wa mwisho. Akarudi taratibu, akaniuliza lini. Nikamwambia. Akauliza kama aliteseka. Nikasema sijui. Yalikuwa majibu yangu ya kwanza ya kweli wiki nzima.

Akafungua ule utepe, akautia mfukoni. Akasema, si kwa hasira, na heri angekasirika: "Jana usiku nilishaamua kubaki. Ungeniambia tu, Baba. Ningelia, halafu ningebaki."

Akachukua baiskeli yake. Nilimtazama mpaka pale njia inapopinda kufuata ziwa.

Jumapili, 21 Septemba

Mvua kubwa usiku kucha. Sikutoka. Nimekaa jikoni, upande ule wa jiko.

Mchana Kassian akaja na supu. Nilitaka kumfukuza, nikamkuta keshachukua kijiko changu na kuandaa meza. Akasema Burgi amempigia simu. Hajasaini. Anasubiri hadi kesho adhuhuri, labda nitampigia. Akasema, "Binamu, usimtungie kitu. Mwambie ukweli, mwambie samahani, funga mdomo. Maneno matatu tu." Akaosha bakuli, akaondoka kwa miguu katika mvua ile.

Mtu mzuri. Inauma sana kusema hivyo. Nimeandika yale maneno kwenye karatasi na kuyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Kesho nitampigia.

Jumatatu, 22 Septemba

Saa sita kasoro dakika tano nilipiga simu. Karatasi mkononi. Burgi akapokea mara moja, kama mtu aliyekuwa amekaa na simu mapajani. Akasema, "Nakusikiliza, Baba."

Nilikuwa naanza. Naapa nilikuwa naanza! Lakini sauti yake ilikuwa na huzuni nyingi, nikafikiri nimchangamshe kwanza. Nikamwambia tangu asubuhi nyumba imejaa. Vyumba vyote sita. Kundi zima la waendesha baiskeli, wanauliza kama kuna binti wa nyumba wa kuwapokea.

Halafu akaniambia kwamba maporomoko ya udongo ya jana usiku yamebeba daraja la njia ya baiskeli. Bonde limefungwa. Imetangazwa redioni tangu alfajiri, hakuna baiskeli iliyopita popote. Akangoja kidogo. Akasema, "Kwaheri, Baba." Saa ya kanisa dogo ikapiga adhuhuri.

Nimekaa muda mrefu. Nimelia, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Baadaye akili ikanirudia, nikampigia tena. Hakupokea. Nikaacha ujumbe kwamba wageni walikuja kwa mashua.