Wimbi Moja kwa Masera Pudentienne

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Siku ya heshima! Masera Pudentienne, mtawa na mkuu wa shule ya wasichana hapa Kimanga, ameniita ofisini. Anataka mchezo wa simu. Wanafunzi wake hupanda mitumbwi ziwani kwenda Baraka wakati wa likizo, na mwaka jana wawili hawakurudi. Mchezo uwafundishe: mtoto achague kuvaa jile ya kuokoa maisha au kuiacha, kupanda mtumbwi uliojaa au kungoja mwingine. Uingie hata katika simu ndogo za wazazi. Atakayeleta mchezo mzuri atakuwa mwalimu wa informatique, somo la kompyuta, kuanzia Septemba.

Atakayeleta? Nikauliza kwani tuko wangapi. Akasema wawili: mimi na Noella.

Noella! Yule anayechaji simu za watu karibu na daraja la Mulongwe! Mimi ndiye niliyemfundisha kushika souris ya kompyuta. Matusi matupu. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mke wangu Jolie ameuliza kama nimewahi kutengeneza mchezo. Nimemjibu kwamba nimewahi kuuzungumzia sana.

Jumanne, tarehe 14 Mei

Nimesoma asubuhi nzima. Kumbe mchezo hauanzi na mchezo. Unaanza na chombo cha kuutengenezea, wenyewe wanakiita moteur, yaani injini. Ziko nyingi! Unreal ni ya dunia kubwa kubwa, maji yanameremeta, kivuli kinafuata mtu. Inadai kompyuta yenye nguvu za ng'ombe. Unity iko katikati, inafanya karibu kila kitu. Godot ni nyepesi, ya bure, nzuri kwa michezo ya picha bapa. Ren'Py ni ya hadithi: picha, maneno, unachagua, hadithi inageuka.

Hadithi. Kuchagua. Simu ndogo. Ni Ren'Py, hata mbuzi angeona.

Hapo ndipo hatari ilipo. Noella naye ataona.

Mchana nikaenda darajani, nimevaa uso wa kaka mkubwa. Nikamwambia kwamba Ren'Py ni ya wanyonge, watu wa kompyuta mbovu na vijihadithi vya kuchagua-chagua. Masera ni mtu aliyesoma Ulaya, atataka ziwa lenyewe! Achukue Unreal. Nikamweleza mwanga wa asubuhi ukivunjika juu ya wimbi, povu likilamba mchanga, milima ya Burundi ikitetemeka ndani ya maji. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua simu yake alisimama kusikiliza. Mimi mwenyewe machozi yalinilengalenga.

Noella akasema, "Aksanti, mwalimu." Maskini. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumatano, tarehe 15 Mei

Sina amani. Maneno yangu ya jana yalikuwa mazuri mno kuwa uongo. Povu likilamba mchanga! Na nimempa Noella bure!

Fikiria sasa. Yeye atakuja na ziwa linalometameta. Mimi nitakuja na vipicha vyenye maandishi chini. Wazazi watacheka. Nimejichimbia shimo kwa ulimi wangu.

Nimeamua. Ni Unreal. Jolie akauliza kama si ile niliyomshauri Noella ili ashindwe. Nikamwambia mambo ya ufundi hayaelezeki kirahisi.

Kuishusha kutoka mtandaoni ni kazi nyingine. Mega zote za intaneti nilizokuwa nazo ziliisha kabla mstari haujasogea. Thierry, mlinzi wa ofisi moja yenye intaneti ya satelaiti, amenikubalia kuketi chini ya ukuta wao. Nimeketi kutwa nzima. Mbuzi wamenizoea.

Ijumaa, tarehe 17 Mei

Imeshuka! Nimetundika kibao mlangoni ili Noella akipita apate homa: HYACINTHE, MTAALAMU WA MOTEUR ZA KISASA.

Saa moja haijapita, hodi! Baba Ildephonse, mwenye mtumbwi wa kubeba watu pale Kalundu, na toroli, na juu ya toroli moteur ya mtumbwi, nyeusi kwa mafuta. Akasema inakohoa.

Nikamweleza kwa upole kwamba moteur zangu ziko ndani ya kompyuta. Akachungulia kompyuta mbele na nyuma. Akauliza niliziingizaje. Nikasema hazina chuma. Akauliza zinasukuma nini. Nikasema zinasukuma ziwa. Akamgeukia Jolie: "Mama, weye unakaaga na huyu?"

Akaondoka na toroli lake. Mkeka una doa la mafuta. Jolie haongei nami.

Jumatatu, tarehe 20 Mei

Ushindi na msiba.

Ushindi: nimepata wimbi! Wimbi moja, lakini wimbi la kweli. Linainuka, linajikunja, linameremeta, linaanguka. Nimeliangalia mpaka chai ikapoa.

Msiba: kompyuta. Kila wimbi likiinuka, inavuma kama ndege inayotafuta njia, na joto lake lingekausha visamaki vya ndagala. Basi nikawaza. Jolie anauza samaki. Jolie ana barafu. Nikachukua kipande kikubwa, nikakifunga kwa sacheti ya plastiki, nikakiweka chini ya mashine. Ikatulia! Mimi ni mhandisi! Nikalipiga wimbi picha ya video kwa simu, nimwonjeshe Masera, nikaenda kula.

Sacheti ilikuwa na tundu.

Nilirudi nikakuta kompyuta imeketi ndani ya maji, kimya kabisa. Nimeizika ndani ya gunia la mchele wa Bwegera aliotuletea mama mkwe. Haijaamka. Mchele unanuka plastiki iliyoungua, na Jolie sasa anaongea nami, heri angeendelea kunyamaza.

Si kitu. Video ninayo.

Jumamosi, tarehe 25 Mei

Ukumbi wa shule ulijaa wazazi waliokuja kuona michezo yetu. Noella alitangulia.

Hakuwa na Unreal! Alikuwa na Ren'Py, msaliti! Picha zimechorwa na wanafunzi wenyewe, mitumbwi mingine imepinda. Sauti ni yake: "Weye, jile yako iko wapi?" Nikacheka kwa pua. Nilicheka peke yangu.

Vanessa, binti wa Baba Ildephonse, aliitwa ajaribu. Akachagua mtumbwi uliojaa, kwa kuwa marafiki wamo. Jile akaiacha, inachafua nguo. Upepo ukaja. Halafu picha ya mwisho: mama mmoja amesimama ufukoni Kalundu, anatazama maji. Hakuna muziki. Hakuna maneno.

Ukumbi mzima ulinyamaza. Vanessa alishika simu kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Minye narudia tangu mwanzo." Na kule nyuma nikamsikia baba yake akisema taratibu, kama anaungama, "Mu mtumbwi yangu jile ziko mbili tu." Masera alivua miwani akaipangusa. Mimi pia niliona giza kidogo. Vumbi la madirisha yale.

Zamu yangu. Wimbi likainuka, likajikunja, likameremeta, likaanguka. Vanessa akagusa skrini. Akagusa tena. Akauliza anachagulia wapi.

Masera akauliza, "Na watu wako wapi, Hyacinthe?"

Nikasema, "Masera, wamekwisha kuzama. Ndilo fundisho."

Ulikuwa ukimya pia, lakini si wa aina ile.

Kazi amepewa Noella. Na mbele ya wote akanishukuru! Alisema ni mimi niliyemweleza kwamba Ren'Py ni ya wenye kompyuta mbovu na hadithi za kuchagua, ndipo akajua imeumbwa kwa ajili yake. Watu wakanipigia makofi. Nikainama. Ningefanya nini?

Jumatatu, tarehe 27 Mei

Nimetafakari kwa unyenyekevu. Kosa langu nimeliona: wimbi lilikuwa dogo.

Na Mungu hamtupi mja wake! Leo amenipigia Bwana Sévère wa chama cha wakulima wa mpunga kule Lubarika. Alisikia habari za makofi yale. Anataka mchezo mdogo: maswali machache juu ya magonjwa ya mpunga, simu za kawaida, basi.

Maswali! Mtu ana bonde zima la Ruzizi anataka maswali! Nimemwambia atulie. Nitampa bonde lenyewe, kila jani likiyumba kwa upepo wake, jua likichomoza upande wa Burundi. Nitahitaji kompyuta kubwa zaidi. Ameahidi kufikiri.

Vile vijiswali mtu yeyote anaweza kuvitunga. Nimemtumia Noella ujumbe: namhitaji kama msaidizi wangu, upande wa maswali tu. Amekubali papo hapo, hata hakuuliza juu ya majani.

Maskini. Huyo hatafika mbali.