Mama Phelis Apanda Gari ya Viti Saba

Ratemo, tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima, alitua kwenye benchi nje ya kibanda cha Fancy hapo Kapsoit, simu mkononi.

"Wazee, ile gari kubwa ya familia imetoka mpya! Viti saba, kamera kila upande, na inajipaki yenyewe!"

"Sasa dereva ni wa nini?" Fancy aliuliza, birika hewani.

Mzee Kipyegon akacheka mpaka chai ikampalia. Huyu ndiye Clutch, dereva mstaafu wa shamba la majani chai. "Ile yangu ya zamani, dirisha lilikuwa la kuzungusha kwa mkono, springi za kuvunja figo. Watu kumi na wawili, mbuzi juu, na Fort Ternan tulifika! Hizi za sasa ni sofa zenye magurudumu."

"Wivu, Clutch!" Redio akamchokoza.

"Wivu wa nini? Gari bila clutch ni gari ama ni mashine ya kufua nguo?"

Mara Omariba akasimamisha gari yake ya viti saba mbele yetu. Mtumba wa Japani, lakini iling'aa. Alikuja kumchukua mamake, Phelis, anayekaa nyuma ya kibanda. Tangu nyonga imlemaze, mwaka mzima mama hajavuka lango. Leo kitukuu wake wa kwanza anapewa jina huko Chepilat.

Phelis akaegemea mkongojo, akautazama mlango wa gari ulivyo juu. Machozi yakamlenga.

"Omariba, hii ni ghorofa. Nenda tu, uniletee picha."

Clutch akainuka, akachukua kreti ya soda ya Fancy, akaiweka chini ya mlango, akainamisha bega.

"Panda, mama. Shika hapa. Mimi nimepandisha wachuma chai kwa lori miaka thelathini."

Phelis akapanda, pole pole, tukipiga makofi. Omariba akabonyeza vitufe vyake, wakaondoka. Hata mita hamsini hawajafika, gari ikasimama. Dirisha likashuka.

"Nishushe! Nimejiaibisha!"

Tukakimbia wote. "Mama, kuna nini?"

"Nimejikojolea, watoto wangu. Nasikia joto huku chini!"

Redio akajishika mbavu. "Mama, ni kiti! Hiyo gari inapasha viti moto!"

Phelis akapapasa. Pakavu. Akajisogeza, akafumba macho.

"Mungu wangu, nyonga imenyamaza."

"Basi twende, wanatungoja," Omariba akasema.

"Twende. Lakini tukifika, mimi sishuki. Mtoto aletwe hapa."