Alama Mia Sita na Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Majibu ya damu yametoka! Mama wa maabara amenikabidhi bahasha bila hata kunipa hongera. Nimeifungua palepale kwenye benchi la mlangoni, miwani puani, fimbo katikati ya magoti.

Mistari mitatu. Wa kwanza: kingamwili za tezi ya shingo, 612. Pembeni wameandika kiwango cha watu wa kawaida: 0 hadi 34. Nimesoma mara mbili. Mia sita na kumi na mbili! Nimefundisha na kusahihisha mitihani miaka thelathini na minane, sijapata kuona mtahiniwa aliyevuka kiwango namna hii.

Kingamwili nazijua. Ni askari wa mwili. Kumbe nina jeshi zima shingoni. Mstari wa pili, TSH: 18, wakati wenzangu hupata kati ya 0.4 na 4. Nimefaulu tena. Wa tatu, T4, niko chini kidogo. Si neno. Kila mwanafunzi hodari ana somo moja linalomshinda.

Ila basi kwa nini nasinzia saa nne asubuhi, kijiko kikiwa mdomoni? Kwa nini sauti imekuwa nzito kama ya mlevi, na juzi nimesahau jina la marehemu mke wangu kwa dakika nzima? Nataka kujua. Daktari ni Alhamisi.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa jirani yangu Posta. Aligawa barua mtaani hapa kwa baiskeli hadi alipostaafu. Kazi iliisha, jina likabaki. Naye alipimwa mwezi uliopita kwa sababu binti yake ana wasiwasi na kila kitu. Nikamuuliza kwa upole amepata ngapi. Kingamwili: 9.

Tisa! Nimemhurumia kwa sauti. Akataka kujua kama kuna chakula cha kuziongeza. Nikamwambia asikate tamaa, wengine huchelewa kukomaa. Akanuna. Akasema labda hizo mia sita zangu ndizo zilizojaa kooni hadi kola haifungi. Wivu mtupu. (Ni kweli kola haifungi.)

Nyumbani nikamtangazia mdogo wangu wa kike. Tunaishi naye tangu nilipofiwa. Yeye ana sabini, mimi themanini na mbili. Anashona nguo za watu chumba cha mbele. Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye cherehani. Akasema hongera Kaka, sasa funga hilo dirisha, naganda. Sweta mbili na shali, jua la saa saba! Ndivyo alivyo tangu utotoni. Mvivu hata wa kupata joto.

Jambo la ajabu: safari hii hata mimi nilisikia baridi. Sikumwambia. Dirisha nikaliacha wazi kwa ajili ya msimamo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeingia kwa Daktari kifua mbele. Ni mwanamke mfupi, anaongea haraka, hapotezi neno. Nikamwambia nimekuja kusikia pongezi. Akavua miwani. Akauliza nani amenisomea majibu. Nikajibu nimejisomea mwenyewe. Akasema inaonekana.

Askari ni kweli askari, akasema, ila wamekosea adui. Wanaishambulia tezi yangu mwenyewe. Ni tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, imekaa chini ya koo. Namba 612 inasema tu kwamba vita vipo. Haisemi ni vikali kiasi gani. Mwenye mia sita anaweza kuwa na nafuu kuliko mwenye mia moja, na wapo wanaozibeba maisha yote wasiugue. Hata kipimo chenyewe hatakirudia, hakina haja.

Nikauliza: alama isiyorudiwa wala kulinganishwa, ni alama gani? Akasema si alama, Mwalimu. Maana yake Posta na tisa yake ndiye mzima! Nimeumia kuliko sindano.

Lakini udadisi ukanishinda. Na hiyo 18? Akavuta karatasi, akachora kichwa na kipepeo. Tezi hutoa homoni, ndiyo ile T4, inayouambia mwili uende kwa mwendo gani. Ikipungua, mwili unapoa: usingizi, baridi, sauti nzito, kusahau. Ubongo ukiona hivyo unatuma TSH kuihimiza tezi. Tezi ikishindwa, ubongo unapaza sauti zaidi. Hiyo 18 ni makelele.

Nikacheka. Nikasema hayo nayafahamu sana: mwalimu na mwanafunzi mvivu. Daktari hakucheka. Akasema tezi haina uvivu, inaumwa. Unaweza kuipigia kelele mwaka mzima isiamke. Inachohitaji ni dawa.

Kicheko kikanikauka.

Kisha akauliza kama nina ndugu wa damu, maana maradhi haya hupenda kutembea ndani ya familia, na huwapata wanawake zaidi. Nikasema ninaye mdogo wangu wa kike. Ana dalili? Nikajibu hana, ni mvivu tu. Neno lilipokwisha kutoka, nikatamani kulirudisha.

Nimepewa kidonge, kidogo kama kichwa cha pini. Kila asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha nisubiri saa moja kabla ya chai. Dozi ya chini kwanza, kwa sababu moyo wangu umechoka. Nikamuuliza kama nakufa. Akasema si kwa tezi.

Hilo "si kwa tezi" nimelibeba hadi nyumbani.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike, moyo usije ukaniwahi.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu mpya, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Mdogo wangu alikuwa na kumi na tano, darasani kwangu. Alilala juu ya dawati. Aliandika taratibu. Alivaa sweta wenzake wakitoka jasho. Shingo ilikuwa imejaa; mama alisema ni unene wa kuvunja ungo. Nilimpigia kelele mwaka mzima. Mimi ndiye niliyemwita Kobe mbele ya darasa, na shule nzima ikapokea. Mwisho wa mwaka nikaandika kwenye ripoti yake kwa wino mwekundu: Mvivu. Analala. Hafai kuendelea. Baba alisoma akiwa amesimama. Wiki iliyofuata alimtoa shule, akampeleka kwa fundi cherehani.

Alitaka kuwa mkunga. Hajanilaumu hata siku moja. Suti yangu ya kustaafu alishona yeye.

Lakini huenda nilikuwa sahihi! Huenda alikuwa mvivu kweli. Ushahidi unahitajika. Kijitabu alichonipa Daktari kinasema: inua kidevu, meza maji, tazama chini ya koo kama kuna uvimbe unaopanda na kushuka. Mpango ukajipanga wenyewe.

Glasi ya kwanza aliipokea kwa mshangao. Ya pili kwa mashaka. Akasema miaka yote hii sijawahi kumletea hata kijiko. Ya tatu akainusa, akauliza nimetia nini. Akanywa akiwa ameinamia cherehani, sikuona kitu. Ya nne nikapiga magoti ili nitazame kutoka chini. Magoti yakagoma kurudi. Ikabidi anikamate kwapani aninyanyue, huku akisema nikanyweshe ng'ombe, yeye nimwache ashone.

Lakini nilipokuwa pale chini niliona. Uvimbe ulipanda. Ukashuka. Rovu kamili.

Kubwa kuliko langu.

Jumapili, 10 Machi

Nimeamua kuungama kwa barua.

Jaribio la kwanza: kurasa sita. Nimejipa 14 kwa 20. Utangulizi mzuri juu ya historia ya elimu, lakini kosa lenyewe halijatajwa. Rudia.

Jaribio la pili: "Makosa yalifanyika." Yalifanywa na nani? Sentensi haina mtenda. 6 kwa 20. Aibu.

Jaribio la tatu, nusu ukurasa: "Hukuwa mvivu. Ulikuwa mgonjwa, na mimi nilikuwa na kalamu. Nimekunyima shule. Nenda kapimwe tezi ya shingo. Kaka yako." Hii sikuipa alama.

Sasa, kumpa mkononi? Nikae namtazama akisoma? Siwezi. Mpango bora kabisa: asome nikishazikwa. Nitakuwa nimeungama na sitakuwepo. Dosari moja tu: kipimo chake kitachelewa. Nikajituliza kwamba kwa moyo huu hatangoja sana.

Nani wa kunitunzia barua? Posta! Mtu wa kiapo, mtu wa kazi. Nimeifunga kwa gundi, nikaandika jina la mdogo wangu na nyumba, nikamwambia aifikishe siku ya pili baada ya mazishi yangu. Ameiweka kwenye mfuko wa shati, akaupigapiga. Nimerudi nyumbani mwepesi.

Jumatatu, 11 Machi

Ameileta!

Saa tatu asubuhi, ndani ya shati lake la kazi la zamani. Akabisha hodi mbele, akauliza mpokeaji, akamtaka atie sahihi kwenye daftari! Nimemvuta kando ya ukuta nikamkumbusha kwa kunong'ona kwamba mimi bado si maiti. Akasema anwani ilikuwa kamili na mpokeaji yupo. Miaka thelathini na minne hajalaza barua ya mtu nyumbani kwake, hawezi kuanza uzeeni. Nikamuuliza na kiapo je. Akasema alijaribu. Barua ilimuwasha kifuani.

Nimekimbilia bafuni, kama kukimbia ndiko kule. Nikajifungia komeo. Cherehani ikanyamaza. Ikaendelea. Ikanyamaza tena, muda mrefu. Nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa hadi miguu ikafa ganzi.

Hatimaye akagonga. Akasema Kaka, toka, chai imepoa. Nikatoka. Dirisha alikuwa amelifunga. Hakusema jingine kutwa nzima. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 13 Machi

Ametoka asubuhi bila kuaga, amevaa nguo ya kutokea. Amerudi na pamba kwenye mkono, mahali pa sindano. Amekaa akashona. Nimemfungia dirisha kabla hajaomba. Hakunishukuru.

Bado hasemi. Nimejaribu kuzungumzia tezi kwa jumla, jinsi ubongo unavyopeleka habari. Amekanyaga cherehani kwa kasi hadi sikujisikia mwenyewe.

Alhamisi, 21 Machi

Ameniwekea majibu yake mezani, mbele ya kikombe. TSH: 31. Kingamwili: zaidi ya 1000. Mashine imeishia hapo!

Kabla sijajizuia nikasema amenishinda.

Akacheka. Kicheko cha kweli, mabega na yote. Siku kumi nilikuwa sijakisikia. Kisha kikageuka kuwa kitu kingine, akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Akanieleza. Daktari alimuuliza dalili zilianza lini. Akajibu: nikiwa na miaka kumi na tano. Daktari aliweka kalamu chini. Alisema hawezi kuapa juu ya miaka hamsini na mitano iliyopita, lakini rovu lile si la jana. Akampa kidonge kama changu. Baada ya wiki sita turudi wote wawili, tupimwe TSH.

Nikaanza kusema ninachotakiwa kusema. Akaninyamazisha kwa kidole chenye kikofia cha kushonea. Akasema machozi yangu hana pa kuyaweka, na msamaha hauombwi kwa mkono wa Posta. Amejua siku zote kwamba hakuwa mvivu. Mtu mvivu hashoni sare za shule tatu kila mwaka akiwa amelala nusu. Alichokuwa hajui ni kama mimi najua.

Akainuka, akaleta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ripoti. Ameitunza! Wino wangu mwekundu haujapauka hata kidogo, wala mwandiko, ambao ulikuwa mzuri sana.

Akasema uliandika wewe, utasahihisha wewe. Kwa mkono wako, na tarehe. Ataitia kwenye fremu aitundike chumba cha mbele, wateja waisome wakisubiri kupimwa viuno. Hicho tu. Nikifanya hicho, tumemalizana, nife nikitaka.

Nimekubali kabla hajamaliza.

Jumamosi, 23 Machi

Kidonge. Maji. Saa nzima ya kusubiri, nikichonga maneno kichwani. Chai. Kisha mezani, kalamu mpya, nyekundu.

Nimekata Mvivu. Nimeandika: Alikuwa mgonjwa. Nimekata Analala. Nimeandika: Alijitahidi kukaa macho. Nimekata Hafai kuendelea. Nimeandika: Alifaa. Aliyeandika ndiye hakufaa. Tarehe. Sahihi. Tone la chozi limeangukia alama za hisabati. Nimejisikia safi kama ubao uliofutwa kwa maji. Ningekufa saa ileile, ningekufa vizuri.

Nilikuwa nimemaliza kabisa. Ila chini palikuwa na mstari mmoja mtupu: Maoni ya Jumla. Miaka thelathini na minane sijapata kurudisha ripoti yenye mstari mtupu. Na jicho lilikuwa limepita kwenye Jiografia. 41. Jiografia! Somo langu! Nikajaza, kwa haki na kwa upendo:

"Ana uwezo mkubwa. Akiongeza bidii atafika mbali."

Nimempelekea. Akasoma mstari wa kwanza, akaweka sindano chini. Wa pili, akanishika mkono. Akafika chini. Akasoma tena. Akaniachia mkono. Akainuka, akaenda chumbani kwake, akaubamiza mlango hadi kikombe changu kikaruka juu ya kisahani.

Nimesimama pale nikitafakari. Sikuona kosa, maoni ni mafupi, yanajenga. Kisha nikaelewa. Tangu utotoni, mdogo wangu hajawahi kubamiza mlango. Hakuwa na nguvu hizo.

Dawa imeanza kufanya kazi! Siku mbili tu! Nimeandika pembeni mwa majibu yake, apelekewe Daktari: Maendeleo mazuri sana.