Mipigo Miwili au Minne

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya ishirini na sita bila mke. Leo nimeunguza chai. Chai! Maji na majani tu, na bado nimeweza.

Alikwenda kumuuguza dada yake aliyepasuliwa goti. Wiki mbili, alisema. Goti limepona zamani. Nasikia shemeji anapanda ngazi na kushuka, na kwaya anaimba amesimama. Mke bado yuko huko. Nimempigia kumuuliza anarudi lini. Akaniuliza akirudi atakaa wapi. Nikatazama kochi. Ndege yangu ya rimoti imelala pale, mabawa karibu mita mbili, nyekundu na nyeupe, nzuri hadi inaumiza. Imekamilika tangu mwaka juzi. Inakosa kitu kimoja tu, injini, na injini sijachagua.

Mke wangu akasema kwa upole (upole wake ndio wa kuogopa) kwamba miaka miwili amekula chakula cha jioni na swali lilelile: mipigo miwili au minne? Siku nitakayoamua, nimpigie. Atarudi.

Kwa kumbukumbu. Zote ni injini ndogo za plagi ya kuwaka, zinakunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Ya mipigo miwili ni nyepesi, ina hasira, inalia kama nyigu ndani ya kopo. Ya mipigo minne ni nzito kidogo, inazungusha rafadha kubwa, lile panga la puani, taratibu, ina sauti nene ya mtu mwenye heshima zake. Ndege ni ya kupiga pindu angani. Inatakiwa ipande wima bila kusitasita. Mke wangu aliwahi kusema hapo ndipo ndege na mimi tunapoachana.

Naamua kabla ya Ijumaa. Rahisi!

Jumatano, 5 Machi

Nimeamua! Mipigo miwili. Kabla ya kwenda kazini nimetoboa matundu manne kwenye ubao wa puani, yaani ule ubao unaoshika injini. Vipimo nimetoa kwenye katalogi. Matundu safi kabisa. Nikapanga kumpigia mke mchana.

Mimi ni mpima macho. Kutwa nawauliza watu: hivi, au hivi? Lenzi ya kwanza, au ya pili? Wao hujibu papo hapo, nami nawaonea wivu. Leo bibi mmoja nimemuuliza mara kumi na nne. Akaniambia mwanangu, mimi nimekuja kupimwa macho, sikuja mahakamani.

Kabla sijampigia mke, akaingia Kidevu. Huyu ni katibu wa klabu yetu ya ndege za rimoti. Kidevu chake hufika kwanza, yeye hufuata. Nikamweleza uamuzi wangu. Akacheka. Akasema kufunga mipigo miwili kwenye ndege ile ni sawa na kwenda kuposa umevaa kaptula. Akaongeza kwamba mchagua jembe si mkulima, na miaka miwili sasa hajaona shamba langu.

Kaptula! Nikaanza kuona anachosema. Jioni nimetoboa matundu manne mengine, ya mipigo minne. Mke sijampigia. Ningemwambia nini?

Ijumaa, 7 Machi

Nina mpango. Mpango mzuri.

Kidevu anayo injini mpya ya mipigo minne ndani ya boksi. Haijawahi kunguruma. Anaitunzia siku maalumu. Nikiipata hata kwa kuijaribu tu, nitaamua kwa masikio, si kwa katalogi. Nikamwita dukani nimpime macho kwa hisani ya klabu. Macho yake ni ya mwewe. Nikakunja uso, nikaguna, nikamwambia amechoka mishipa, apumzike kutazama angani wiki tatu. Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: klabu haiwezi kumudu kumpoteza mtu kama yeye. Na ile injini mpya isikae bure ikapata kutu, mimi niko radhi kuitunza.

Kidevu akanishukuru kwa mikono miwili. Akasema nimemfungua macho. Akaipeleka injini kwa fundi friji aitunze!

Nimekula mkate mkavu. Nimenunua miwili, kama kawaida, mmoja wa mke na mmoja wangu. Wake nimeuweka kabatini.

Jumamosi, 8 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Fundi friji ni mwanachama mwenzetu na ana moyo mpana. Asubuhi kaniletea injini zote mbili, ile ya Kidevu na yake mwenyewe ya mipigo miwili. Nijaribu, nichague, nirudishe kabla Kidevu hajauliza.

Tatizo dogo. Miguu ya injini hizi hailingani na vipimo vya katalogi. Nimetoboa manne ya hii, na manne ya ile. Jumla kumi na sita. Fundi friji akauinua ubao akaangalia dirisha kupitia humo. Akauliza hii ni ndege au ni chujio? Akaniambia mshika mawili moja humponyoka. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Tukabaki kila mtu na methali yake.

Mchana uwanjani. Kidevu yupo, anarusha, kavaa miwani ya jua! Anamwambia kila mtu kwamba mtaalamu wake kamruhusu. Mtaalamu wake ni mimi.

Lakini si hilo lililoniharibia siku. Mke wa Kidevu alikuwa ameshika mkia wa ndege yake. Injini ikifunguliwa hadi mwisho kwa majaribio, ndege hutaka kuondoka, kwa hiyo lazima mtu apige magoti nyuma yake aishikilie. Kwangu mimi mtu huyo alikuwa mke wangu, miaka tisa, kwenye ndege zangu ndogo zote. Anafunga fundo gauni lake, anafumba jicho moja, upepo unampiga usoni na matone ya nyonyo yanamrukia shavuni. Nikimwuliza kama yuko tayari, husema yeye alikuwa tayari tangu jana.

Nimerudi nyumbani mapema. Nimemkumbuka. Nimekaa ukingoni mwa kochi, mahali bawa linapoishia.

Jumanne, 11 Machi

Nimepiga simu. Nilijiandaa. Nilisimama wima, nikasema kwa sauti ya kiume kwamba nimeamua. Akauliza ipi. Nikasema mipigo minne. Halafu ulimi ukateleza wenyewe, ukaongeza neno moja: au.

Akarudia: au? Nikasikia shemeji kwa mbali akiuliza kama ni yule tena.

Nikaogopa atakata. Nikaanza kusema chochote. Kwamba chai naiunguza. Kwamba bado nalala upande wangu wa kitanda, ukingoni, wake siugusi. Kwamba mikate yake imejaa kabatini na mingine imeota ukungu, na kuitupa siwezi. Kwamba juzi nilisikia mtu anacheka barabarani kama yeye, nikatoka na ndala moja. Kwamba nimemkumbuka. Nikasema hivyo hivyo, nimekukumbuka, nikashangaa mwenyewe.

Akavuta kamasi. Akasema anakuja Ijumaa.

Nimelitafakari jambo hili kutwa nzima. Bila shaka ni mipigo minne iliyomvuta. Alisikia neno hilo, akajua nimekomaa. Ningetaja mipigo miwili angebaki kwa dada yake hadi Krismasi!

Ijumaa, 14 Machi

Amefika! Nilimsubiri stendi saa mbili kabla. Kashuka na begi dogo na mafua. Kanitazama shati, kanifunga kifungo nilichokiruka. Nikampokea begi.

Nyumbani akaziinua mbawa, akazisimamisha ukutani, akakaa kwenye kochi. Mara moja tu hivyo! Miaka miwili sikuwahi kufikiria ukuta.

Nikamwonyesha injini ya mipigo minne, nimeshaifunga puani kwa bolti. Sikumwambia ni ya nani. Akaipapasa akasema ni nzuri. Akauliza mbona ubao una matundu mengi. Nikasema ni ya kupitisha hewa.

Kesho tunakwenda uwanjani. Atanishikia mkia.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika kwa ufupi.

Klabu nzima ilikuwepo. Mke wangu akapiga magoti, akafunga fundo gauni, akafumba jicho. Nikamwuliza kama yuko tayari. Akasema tangu jana. Plagi nikaiwasha, rafadha nikaizungusha, na injini ikaitika. Sauti ile! Nene, tulivu. Nusura nilie. Kwa dakika kadhaa nilikuwa na vyote, mke na ndege, vyote viwili vikinguruma mbele yangu.

Nikafungua mafuta hadi mwisho.

Ubao ukalia kah! Matundu kumi na sita yakaungana yakawa tundu moja. Injini ikaondoka. Ndege ilibaki mikononi mwa mke wangu, haina pua. Injini yenyewe, na rafadha yake, na kipande cha ubao, ilikwenda hatua kumi kwenye majani ikanyamaza. Hakuna aliyeumia. Ilisimama mbele ya viatu vya Kidevu.

Kidevu akavua miwani ya jua. Akainama. Kwa macho yake yale ya mwewe akasoma namba ya injini, akaisoma tena kwa sauti, kisha akanitazama. Fundi friji akakumbuka kwamba ana friji mahali.

Nimeomba radhi mbele ya klabu nzima. Nimepewa adhabu ya kuisafisha injini hiyo, kila skrubu, kwa mswaki. Na mke wangu? Alicheka. Alilala chali kwenye majani akacheka hadi machozi, mashavu yote nyonyo. Nikalala karibu yake. Sijawahi kupata siku nzuri hivi.

Jumapili, 16 Machi

Nimeamka na wazo. Pua imevunjika, kwa hiyo hakuna tena matundu ya kunibana! Ubao mpya unaweza kubeba injini yoyote. Hata kubwa zaidi ya zile mbili. Kwa hiyo sasa uchaguzi ni kati ya tatu, si mbili. Nikamwuliza mke wangu tukinywa chai: mipigo miwili, mipigo minne, au mipigo minne mikubwa?

Akaweka kikombe chini. Hakukasirika. Akasema ana swali moja, na hili nimjibu mimi. Akauliza: siku ile kwenye simu, nilimkumbuka yeye, au nilikosa mtu wa kushika mkia?

Nikafikiri. Swali zuri. Lina pande mbili, na kila upande una uzito wake. Nikamwambia swali kama hili halijibiwi kwa kukurupuka, anipe hadi Jumatano.

Akanitazama kwa muda mrefu, kama ninavyotazama mteja asiyeona hata herufi ya juu kabisa. Akasema sawa. Jumatano kuna basi la saa nne asubuhi.

Jumatano, 19 Machi

Ametoka saa tatu na begi lake. Hakugomba. Alinitengenezea chai kwanza. Akasema jibu nikilipata nimpelekee stendi, yuko pale hadi basi liondoke.

Nimeigawa karatasi pande mbili. Upande wa mkia nimeandika: anashika vizuri. Nikaishia hapo. Upande wake nimeandika anavyocheka kwa pua. Anavyoniita kutoka chumba kingine kana kwamba nyumba inaungua, kumbe anataka nimfungulie chupa. Anavyozima redio msomaji habari bado hajamaliza kuaga. Anavyolalia mkono wangu hadi unakufa ganzi, na jinsi siku thelathini na saba nilivyoamka mkono ukiwa mzima na nikauchukia. Karatasi imejaa. Nimegeuza nyuma, na nyuma kunajaa.

Jibu liko wazi. Hata yule bibi wa mara kumi na nne angelisoma bila miwani. Ni yeye. Ni yeye tu, mkia hauna lolote.

Lakini ni jibu la maisha, si la kurukia. Sasa hivi ni saa nne kasoro dakika ishirini. Stendi ni dakika kumi kwa miguu. Maana yake nina dakika kumi nzima za kulinganisha mara moja tena.