Goliathi Aliyefuliwa

Jumatano, tarehe 5
Katibu wa kanisa kaja na utepe wa kupimia. Anataka kabati la shule ya Jumapili aweke spika. Vilivyomo, anasema, ni matambara. Matambara! Ni kazi ya mikono ya marehemu shangazi yangu: watu wa Biblia waliokatwa kwenye makoti ya sufu. Unawabandika kwenye ubao uliovishwa blanketi, wanashika wenyewe bila gundi. Mimi na huyo Katibu tulifundishwa nao tukiwa hatujang'oa meno ya utoto. Shangazi akifundisha alikuwa na sheria: aliyetulia ndiye atakayembandika Goliathi. Katibu, kila wiki. Mimi, hata siku moja. Kujipendekeza hakukuanza leo.

Nimemwomba anipe Jumapili moja nifundishe nao. Watoto wakipenda, kabati libaki. Kakubali, huku akiendelea kupima.

Alhamisi, tarehe 6
Nimefungua boksi. Harufu ileile: chaki, vumbi, mafuta ya nywele ya shangazi. Nikakaa sakafuni muda, sina kazi. Musa kapauka. Goliathi mweusi kwa uchafu. Daudi tu ana nafuu. Yule wa kwanza tulimmaliza kwa vidole, shangazi akakata mwingine kwa shuka la pamba.

Akili ikanijia. Wafuliwe! Mimi nimetembea miji, nimelala hoteli zenye zulia hadi chooni. Usafi naujua. Mke wangu kaniuliza, "Baba watoto, umewahi kufua hata soksi?" Wivu.

Ijumaa, tarehe 7
Maji ya moto, sabuni ya unga, nikasugua kwa moyo wote. Nimewaanika kambani, mitume kwa punda. Jirani kauliza kama ni nguo za mwanasesere. Nikamjibu ni manabii, apunguze sauti. Wingu likatanda, nikawasukumia kwenye boksi bila kutazama.

Jumapili, tarehe 9
Balaa. Darasa limejaa. Katibu mlangoni, mikono kifuani. Nikambandika Daudi. Nikanguruma, nikamtoa Goliathi. Lo! Sufu imenywea. Jitu la shangazi limebaki kidole gumba, halifiki goti la Daudi.

Binti wa mstari wa mbele akauliza, "Babu, mbona huyo mkubwa anamwonea mtoto?"

Kicheko kikapasua dari. Goliathi akadondoka, hashiki tena. Watoto wote wakamrukia, kila mmoja anataka kumrudisha yeye. Nikaona spika zinaingia kabatini.

Katibu akapita katikati yao, akamwokota. Akasema, "Aliyetulia ndiye atakayembandika."

Maneno ya shangazi! Hata ile sauti ya puani. Wakatulia tuli. Macho yake yakazunguka darasa zima, yakanifikia mimi, niliyekuwa sina la kusema kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

"Wewe," akaniambia. "Zamu yako."

Nikambandika. Nilimkandamiza sana, asianguke. Macho yalinitoka machozi. Sabuni.

Kabati linabaki. Sharti moja: nisiwapeleke tena kwenye maji.

Jumatatu, tarehe 10
Kwenye rafu ya chini nimeikuta safina ya shangazi, ya maboksi na gundi ya unga. Vumbi tele, maskini. Nimelitafakari sana lile sharti. Katibu alisema wao, yaani watu. Hii ni safina. Ikiogopa maji, ni safina gani?

Beseni limeshajaa.